Mohamed yupi? Kuchagua kati ya waandishi wenye jina moja

Ukifika maktaba ukaomba kitabu cha "M. S.", mkutubi ana haki ya kukuuliza ni yupi. Muhammed Said Abdulla ni M. S. Mohamed Suleiman Mohamed ni M. S. Mohamed Seif Khatib naye ni M. S. Wote watatu ni Wazanzibari na wote wanasomwa shuleni na vyuoni, lakini vitabu vyao havifanani hata kidogo: wa kwanza ni bingwa wa hadithi za upelelezi, wa pili ni mwandishi wa riwaya za maisha ya watu wa visiwani, wa tatu ni mshairi. Nyuma yao wapo Mohamed Said, mwanahistoria wa Dar es Salaam. Mohammed Ghassani, mshairi wa Pemba anayeishi Ujerumani. Na mkongwe wao wote, Muhamadi Kijumwa wa Lamu.

Kabla ya kitabu chochote, yapo mambo mawili ya kuweka sawa kuhusu majina. La kwanza ni tahajia. Jina hili huandikwa Mohamed, Mohammed, Muhammed, Muhammad au Muhamadi, na mitambo ya kutafutia vitabu haijui kwamba ni jina moja. Ukiandika "Mohamed Said Abdulla" ukakosa, usikate tamaa. Andika jina la kitabu pamoja na neno la mwisho la jina la mwandishi. La pili ni Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980) na vitabu vingine vingi. Huyu jina lake la kwanza ni Said, kwa hiyo hamo katika ulinganisho huu, lakini rafuni amekaa bega kwa bega na Mohamed Suleiman Mohamed kwa sababu vitabu hupangwa kwa jina la mwisho. Wote wawili ni wa Unguja, wote ni waandishi wa riwaya, na wote walianza kuvuma katika miaka ya 1970. Ndiyo maana insha za wanafunzi humpa huyu kitabu cha yule. Katika marejeleo andika "Mohamed, M. S." kwa mwandishi wa Kiu na "Mohamed, S. A." kwa mwandishi wa Utengano, na katika insha yenyewe taja jina zima angalau mara moja.

Bwana Msa au Rehema?

Msomaji wa riwaya kwa kawaida anachagua kati ya wawili: Abdulla na Mohamed Suleiman. Huu ndio uchaguzi mgumu kuliko mwingine wote hapa, kwa sababu wote wawili wanaandika Kiswahili kitamu cha Unguja na wote wanahangaika na maswali yaleyale ya visiwani: nani mtoto wa nani, nani mrithi wa nani, na mali ya marehemu inakwenda wapi.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki, la mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, mvuta kiko, mtu wa kufikiri kabla ya kusema. Rafiki yake Najum yuko naye kila hatua, na Inspekta Seif anawakilisha polisi. Chimbuko la wawili hawa liko wazi kwa yeyote aliyemsoma Sherlock Holmes, lakini Abdulla hakuishia kuiga. Mauaji ya Bwana Ali Bomani yanahusishwa na mzimu, mahali ambapo watu wa kale walitambikia na ambapo hofu ya watu imeota mizizi, na kazi ya Bwana Msa ni kuwaonyesha watu kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Hoja hiyo ya akili dhidi ya hofu inarudi katika Kisima cha Giningi (1968). Giningi katika masimulizi ya visiwani ni makao ya wachawi, kwa hiyo jina la kitabu peke yake linamtia msomaji wa Unguja au Pemba baridi ya mwili.

Baada ya hapo vilifuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kila kimoja kinajitegemea, na unaweza kuanzia popote, isipokuwa hicho cha mwisho. Kiache mpaka umsome Bwana Msa katika vitabu viwili au vitatu. Neno "kosa" katika jina lake halina uzito kwa msomaji ambaye hajamzoea mpelelezi anayepata jibu kila mara.

Nguvu ya Abdulla iko katika mazungumzo. Watu wake wanajibizana, wanataniana, wanapiga mafumbo, na ushahidi mwingi umefichwa ndani ya maneno hayo hayo. Anayesoma haraka, akiruka mizaha ili afike kwenye "tukio", ndiye atakayefika mwisho akidai kwamba mwandishi amemwonea. Tatizo jingine linalowakwamisha wasomaji ni ukoo. Abdulla anapenda undugu uliofichika: mtu anakuja kugundulika kuwa mtoto wa fulani, au mume wa zamani wa fulani. Chukua karatasi, andika kila jina linapotokea mara ya kwanza, na uvute mistari ya uzazi na ndoa kadiri unavyosoma. Bila karatasi hiyo, kufika sura za katikati za Duniani Kuna Watu utakuwa unarudi nyuma kila kurasa chache. Ukiwa nayo, raha ya kitabu inaongezeka maradufu, kwa sababu mara nyingine utaliona pengo katika ukoo kabla Bwana Msa hajalitaja.

Mohamed Suleiman Mohamed anachukua visiwa hivyohivyo na kuviangalia kwa jicho jingine. Kwake hakuna fumbo la kufumbua. Msomaji anaona mapema nani anamdhulumu nani, na uchungu unatokana na kuona bila kuweza kuzuia. Kiu (1972) ina watu wachache tu wa kuwajua: Mwinyi, mzee mwenye mali anayemtamani msichana, Bahati, msichana mwenyewe, na Idi, kijana ambaye Bahati anampenda na ambaye kiu yake ni ya fedha. Riwaya nzima inazunguka pembe hizo tatu. Kwa anayejifunza kuchambua wahusika, ni vigumu kupata kitabu bora zaidi ya hiki, kwa sababu kila mmoja ana kiu yake na kila kiu inamsukuma mwenzake. Mwalimu anaweza kuuliza swali moja, "Kila mtu hapa anataka nini, na yuko tayari kulipa nini?", na swali hilo likatosha kwa vipindi kadhaa.

Nyota ya Rehema (1976), iliyotolewa na Oxford University Press, ni pana zaidi na, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ndiyo kazi kubwa kuliko zote zinazotajwa hapa. Rehema ni mtoto wa Fuad, mwenye mashamba, lakini rangi yake inamfanya baba amtilie shaka na kumweka mbali. Kutoka hapo riwaya inamfuata utotoni, mjini anakodidimia katika maisha ya kuuza mwili, kisha shambani kwa Sulubu, mkulima anayempa heshima ambayo nyumba ya baba yake haikumpa. Halafu linakuja suala la ardhi: shamba walilolilima kwa jasho lina wadai wengine. Mwandishi ameweka rangi, tabaka, ndoa na umilikaji wa ardhi katika Zanzibar ya enzi ya ukoloni ndani ya maisha ya mwanamke mmoja, bila kugeuza kitabu kuwa hotuba. Anayetaka kuelewa kwa nini ardhi na nasaba vilikuwa mambo ya moto visiwani kabla ya Mapinduzi ya 1964 atapata humu kile ambacho kurasa nyingi za historia hazimpi.

Lakini Nyota ya Rehema inadai subira. Sentensi ni ndefu, maelezo ya mandhari na ya nafsi za watu yanachukua nafasi, na msamiati wa mashambani ni mzito kwa msomaji wa bara. Kamusi inayofaa zaidi hapa ni Kamusi la Kiswahili Fasaha la Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililotoka mwaka 2010, kwa sababu linachukua maneno ya visiwani kama yanavyotumika visiwani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ni nzuri kwa mengi, ila baadhi ya maneno utakayoyatafuta hutayakuta. Usisimame kwenye kila neno; pigia mstari, maliza sura, kisha rudi na kamusi. Msomaji anayefungua kamusi mara kumi katika ukurasa mmoja huchoka kabla Rehema hajafika mjini.

Kwa hiyo mpe Bwana Msa kijana wa kidato cha kwanza au cha pili, au mtu mzima aliyeacha kusoma riwaya tangu shule na anayetaka kurudi taratibu. Mzimu wa Watu wa Kale unatosha kumrudisha. Kiu na Nyota ya Rehema ziwe za msomaji aliyekomaa. Mambo ya kimwili na ukatili wa ndani ya nyumba yamo waziwazi, na mtoto wa shule ya msingi hayawezi. Ukiwa njia panda kabisa, yaani unataka Mohamed Suleiman lakini huna nafasi ya riwaya ndefu, tafuta Kicheko cha Ushindi (1978). Ni mkusanyiko wa hadithi fupi, na mtindo wake wa kuchimba nafsi ya mtu utauona humo kwa kiasi kidogo.

Mashairi: Khatib, Ghassani, Kijumwa

Hapa uchaguzi unategemea kwanza sababu ya kusoma. Kama ni mtihani, huchagui wewe. Orodha ya vitabu ndiyo inayochagua, na orodha hubadilika, hivyo uliza shuleni kabla ya kutoa pesa. Mohamed Seif Khatib ana diwani mbili ambazo zimesomwa sana katika shule za Tanzania, na wazazi wengi hununua moja mahali pa nyingine. Fungate ya Uhuru (1988, Dar es Salaam University Press) imekuwa ikitumika kidato cha tano na sita. Wasakatonge (2003, Oxford University Press) imekuwa ya kidato cha tatu na nne.

Tofauti yao si umri tu. Fungate ya Uhuru inahoji uhuru wenyewe: fungate ni siku saba za mwanzo wa ndoa, na mshairi anauliza nini kilibaki baada ya siku hizo. Taswira zimefungwa, na shairi linaloonekana la mapenzi linaweza kuwa la siasa. Wasakatonge iko karibu zaidi na ardhi. Shairi lililoipa diwani jina linawazungumzia wachapakazi wanaohangaikia tonge, wale ambao jasho lao linawanufaisha wengine. Mishororo ni mifupi, urari wa sauti unasikika mara moja, na mwanafunzi anaweza kukariri ubeti baada ya kuusoma mara mbili. Anayefika kidato cha tano bila kuizoea lugha ya Wasakatonge hupata tabu na Fungate ya Uhuru, na kwa mtu anayesoma kwa hiari yake utaratibu ni huohuo: anza na ya 2003, kisha rudi nyuma kwenye ya 1988.

Onyo moja linahitajika hapa. Sokoni vijitabu vya uhakiki ni vingi kuliko diwani zenyewe. Vinatoa dhamira, falsafa, ujumbe na tamathali za semi zikiwa zimepangwa tayari, na vina mifano ya mishororo miwili mitatu. Mwanafunzi anayesoma kijitabu tu hukwama pale swali linapomtaka atoe mfano ambao mhakiki hakuuchagua, au linapomtaka alinganishe mashairi mawili mazima. Kosa lingine ni kunakili mfano wenye makosa ya chapa kutoka katika kijitabu. Neno moja likipotea, mizani inavunjika, na hoja kuhusu fani inaanguka nayo. Nunua diwani kwanza. Uhakiki, kama ni lazima, uje baadaye.

Mohammed Ghassani ni wa kizazi kingine. N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini ilimpa ushindi wa ushairi katika Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili ya mwaka 2015, mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo, kisha ikachapwa na Mkuki na Nyota. Sauti iliyomo ni ya mtu aliye mbali na kwao na ambaye kila kitu cha ugenini kinamkumbusha kisiwa. Ukiwa Muscat, London au Minneapolis na unatafuta zawadi ya mtu aliyelelewa pwani, hiki ndicho kitabu. Ukilinganisha na Khatib, Khatib anasema "sisi", watu, umma, wavujajasho. Ghassani anasema "mimi", na kupitia mimi huyo wengi wanajiona. Msamiati wa Kipemba upo, lakini haumzuii msomaji wa kawaida, kwa sababu hisia ya shairi humbeba mpaka maana ijitokeze.

Muhamadi Kijumwa anahitaji maandalizi zaidi. Utenzi wa Fumo Liyongo aliouandika Lamu mwaka 1913 unasimulia maisha ya shujaa mshairi wa pwani ya kaskazini: minyororo aliyoikata kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, sindano ya shaba ya kitovuni ambayo peke yake ingeweza kumuua, na mkono wa mwanawe mwenyewe katika kifo chake. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya mwanzo vinashirikiana kina, na cha nne kina kina kisichobadilika kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, zaidi ya beti mia mbili. Ndiyo sababu utenzi huu unasomeka vizuri zaidi kwa sauti. Ukiusoma kimya unachosha. Ukiughani, hadithi inakimbia.

Kizuizi ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Zoea mabadiliko machache ya sauti na nusu ya ugumu itaondoka: macho ni mato, nchi ni nti, njia ni ndia, moja ni moya. Ukikutana na neno geni lenye t, jaribu kuweka ch. Lenye nd, jaribu nj. Lenye y, jaribu j. Haifanyi kazi kila mara, lakini inafanya kazi mara nyingi. Toleo la kutafuta ni lile lililomo katika Tenzi Tatu za Kale, lililohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999, kwa sababu lina maelezo ya kumsaidia msomaji wa leo, na kwa kitabu kimoja unapata pia Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona. Epuka nakala zilizochapwa upya mtandaoni bila jina la mhariri. Nyingi zimesanifisha maneno ya Kiamu nusunusu, na kina cha mwisho kimeharibika.

Mwanahistoria

Mohamed Said hatafutwi na msomaji wa riwaya, ila mara nyingi huletwa kwake kwa makosa na anayemtafuta Muhammed Said Abdulla. Kitabu chake kikuu kinahusu maisha ya Abdulwahid Sykes (1924–1968), mwanasiasa wa Dar es Salaam. Kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1998 mjini London, baadaye kwa Kiswahili kikaitwa Maisha na Nyakati za Abdulwahid Sykes. Hoja yake ni kwamba historia ya kupigania uhuru wa Tanganyika imeandikwa kana kwamba ilianza na TANU tarehe 7 Julai 1954, na kuwaacha nje watu wa Dar es Salaam, wengi wao Waislamu, waliojenga African Association tangu 1929 na kisha TAA (Tanganyika African Association). Kleist Sykes, baba yake Abdulwahid, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama hicho cha 1929, na nyaraka za familia hiyo ndizo uti wa mgongo wa kitabu.

Kisome sambamba na Historia ya Chama cha TANU ya Chuo cha Kivukoni, kwa maana kitabu hiki ni jibu kwa historia ya aina hiyo, na jibu halieleweki bila swali. Weka alama mbili pembeni unaposoma: moja kwa jambo linaloshuhudiwa na barua au kumbukumbu za chama, nyingine kwa jambo linalotokana na masimulizi ya wazee. Vyote ni ushahidi, lakini havina uzito mmoja, na mabishano mengi kuhusu kitabu hiki hutokana na wasomaji kuvichanganya. Majina ya watu na mitaa ni mengi mno. Asiyeijua Kariakoo na Gerezani afungue ramani ya jiji. Kwa mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu kuhusu TAA, hakiepukiki. Kwa anayetaka kitabu cha kumburudisha safarini, hiki sicho.

Nakala za zamani

Vitabu vipya vya Khatib na Ghassani hupatikana kwa wauzaji wa kawaida. Taabu iko kwa vitabu vya miaka ya 1960 na 1970. East African Literature Bureau ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na sehemu ya orodha yake ikaendelezwa na Kenya Literature Bureau. Kwa hiyo ukiona Mzimu wa Watu wa Kale yenye jina la mchapishaji huyo wa Nairobi, si nakala ya wizi. East African Publishing House, iliyotoa Kiu, nayo haipo tena, na toleo la kwanza utalipata kwa wauza vitabu vikuukuu tu.

Gundi ya matoleo hayo imekauka. Usikipinde kitabu kukijaribu. Kifungue katikati taratibu, uangalie kama kurasa zinaachia mgongo, kisha fuata namba za kurasa kwa kidole, hasa kurasa za kwanza na za mwisho, ambazo hutoka mapema zaidi. Nakala za fotokopi zina hatari nyingine: mtu aliyenakili aliruka ukurasa, au mstari wa pembeni umekatwa na mashine. Nyota ya Rehema iliyokosa karatasi moja katikati bado inasomeka. Kitabu cha Bwana Msa kilichokosa sura ya mwisho hakina thamani, hata muuzaji akipunguza bei kwa nusu.